Ijue Tarehe 14 Oktoba: Waliozaliwa, Waliofariki na Tunayojifunza



Kwa Mtanzania, tarehe 14 Oktoba haihitaji kutambulishwa. Ni Siku ya Nyerere. Ofisi na shule zinafungwa, Mwenge wa Uhuru unahitimisha mbio zake, na redio zinarusha tena hotuba za Mwalimu. Sisi wa Simiyu tuna kumbukumbu yetu ya ziada: mwaka 2016, miaka minne tu baada ya mkoa wetu kuundwa kutoka Mkoa wa Shinyanga, mbio hizo zilifikia kilele chake Bariadi.

Katika somo hili tunaitazama tarehe hiyo kwa upana zaidi. Nani alizaliwa siku hiyo? Nani alifariki? Nini kilitokea, na Kanisa linamkumbuka nani? Hatufanyi hivyo ili kushinda chemshabongo tu. Wengi wetu, hata tunaokwenda Misa kila Jumapili, bado tunaamini kwamba siku aliyozaliwa mtu inambeba: kuna siku za bahati na siku za nuksi, kuna nyota kali na nyota iliyofifia. Kwa hiyo tutajiuliza swali moja kwa msaada wa historia na falsafa: je, tarehe ina uwezo gani juu ya mtu?

1. Mwaka ambao 14 Oktoba haikuwepo

Tuanze na jambo linaloshangaza wengi. Mwaka 1582, huko Italia, Hispania na Ureno, hakuna mtu aliyezaliwa wala kufa tarehe 14 Oktoba. Tarehe hiyo haikuwepo. Watu walilala usiku wa Alhamisi 4 Oktoba, wakaamka Ijumaa 15 Oktoba.

Kalenda iliyotumika hadi wakati huo ilikuwa ile iliyowekwa na Julius Caesar, iliyouhesabu mwaka kuwa na siku 365 na robo. Mwaka wa jua kwa kweli ni mfupi kuliko hapo kwa dakika kama 11. Dakika 11 ni kitu kidogo, lakini zikirundikana kwa karne nyingi zinakuwa siku. Tangu Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 hadi wakati huo, tofauti ilikuwa imefikia siku 10. Jambo hilo liliigusa Pasaka moja kwa moja, kwa sababu Pasaka huadhimishwa Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, siku inayohesabiwa kuwa ndiyo usiku na mchana hulingana. Kalenda ikipotea, Pasaka nayo inapotea.

Papa Gregori XIII aliwasikiliza wataalamu, miongoni mwao Mjesuiti Christoph Clavius, na tarehe 24 Februari 1582 akatoa hati iitwayo *Inter gravissimas*. Siku 10 ziliondolewa. Pia iliwekwa kanuni kwamba mwaka unaofunga karne hauwi mwaka mrefu isipokuwa ukigawanyika kwa 400. Ndiyo maana mwaka 1900 haukuwa na tarehe 29 Februari, lakini mwaka 2000 ulikuwa nayo. Nchi nyingine zilichelewa kukubali. Uingereza ilifuata mwaka 1752 tu. Usiku ule ule wa mabadiliko alifariki Mtakatifu Teresa wa Avila, na hii ndiyo sababu tunamwadhimisha tarehe 15 Oktoba.

Tunapata hapa somo la kwanza. Jua halikuruka siku 10. Watu ndio waliobadili hesabu yao. Kama kila tarehe ingekuwa na nguvu yake ya siri, nguvu za siku zile 10 zingekwenda wapi? Namba ya siku ni makubaliano ya wanadamu kwa ajili ya kupanga kazi, biashara na ibada. Ni chombo kizuri, lakini ni chombo.

Wazee wetu wa Usukuma walitumia chombo kingine. Mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha aliitwa Mabula, kwa kuwa *mbula* ni mvua. Mapacha wakaitwa Kulwa na Doto, na anayewafuata akaitwa Shija. Jirani zetu Wazanaki walikuwa na desturi inayofanana na hiyo: Mwalimu Nyerere aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa sababu siku aliyozaliwa mvua ilinyesha sana. Jina lilihifadhi tukio la kuzaliwa. Halikumfunga mtoto, hakuna aliyetarajia kwamba Mabula atakuwa mkulima bora kuliko ndugu yake aliyezaliwa kiangazi.

2. Waliozaliwa tarehe 14 Oktoba

*Hannah Arendt (1906–1975).* Alizaliwa Linden, karibu na mji wa Hannover, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Sisi tunaosoma falsafa tunakutana naye hasa katika somo la siasa, lakini si wengi wanaokumbuka kwamba tasnifu yake ya udaktari, aliyoiandika chini ya Karl Jaspers katika Chuo Kikuu cha Heidelberg na kuchapishwa mwaka 1929, ilihusu dhana ya upendo katika mafundisho ya Mtakatifu Agostino. Mwaka 1933 alikamatwa na polisi wa utawala wa Hitler, akaachiwa, akakimbilia Paris, na mwaka 1941 akafika Marekani. Alifariki New York tarehe 4 Desemba 1975.

Mawazo yake mawili yatatusaidia katika somo hili. La kwanza alilichota kwa Agostino, katika kitabu cha 12 cha *Mji wa Mungu*. Agostino anafundisha kwamba Mungu alimuumba mtu ili pawepo mwanzo, kwa maana kabla ya mtu hapakuwa na kiumbe wa namna hiyo. Arendt akaliendeleza wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu hali ya mwanadamu: kila mtoto anapozaliwa, ulimwengu unapata mwanzo mpya, na kwa sababu sisi wenyewe tuliingia duniani kama mwanzo, tunaweza pia kuanzisha jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Kwa hiyo kuzaliwa hakumfungi mtu katika njia iliyochongwa tayari. Ndiko kunakompa uwezo wa kuanza.

La pili alilipata Yerusalemu mwaka 1961, alipokwenda kuandika habari za kesi ya Adolf Eichmann, aliyeratibu usafirishaji wa Wayahudi kwenda kuuawa. Arendt alitazamia kuona jitu la kutisha. Akaona mtu wa ofisini anayesema kwa misemo ya kukariri na kujitetea kwamba alitii amri. Akahitimisha kwamba uovu mkubwa unaweza kutendwa na mtu asiye na chuki kubwa, ila amekataa kufikiri anachofanya. Wanahistoria waliofuata wameonyesha kwamba Eichmann hakuwa mtiifu tu, alikuwa na itikadi yake. Kwa hiyo huenda Arendt hakumsoma vizuri mtu yule. Lakini onyo lake kuhusu kutofikiri limebaki.

*Mobutu Sese Seko (1930–1997).* Alizaliwa Lisala, katika Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji. Alisomeshwa na wamisionari na kubatizwa Joseph-Désiré. Akawa askari, kisha mwandishi wa habari, na tarehe 24 Novemba 1965 akatwaa madaraka kwa nguvu ya jeshi. Mwaka 1971 akaibadili nchi jina kuwa Zaire.

Mwaka 1972 serikali yake ililazimisha watu waache majina ya Kikristo na kuchukua majina ya Kiafrika. Tusikosee hapa: kuitwa Mabula au Kambarage si kosa hata kidogo, na Kanisa leo linafurahia majina yetu. Tatizo lilikuwa dola kuingilia ubatizo na dhamiri. Kardinali Joseph-Albert Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, ambaye mwenyewe alikuwa mstari wa mbele kutaka Kanisa lenye sura ya Kiafrika, alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa muda. Mwaka 1974 Mobutu akaiondoa Krismasi katika orodha ya sikukuu za taifa. Wakati huo huo, tarehe 14 Oktoba, siku yake mwenyewe ya kuzaliwa, ilikuwa sikukuu nchini Zaire. Tulitazame jambo hili vizuri: siku ya kuzaliwa kwa Kristo inafutwa katika kalenda ya taifa, na siku ya kuzaliwa kwa mtawala inabaki.

Huko Gbadolite alijijengea kasri na uwanja wa ndege wenye njia ndefu ya kuweza kupokea ndege ya Concorde, katika nchi yenye shaba, kobalti na almasi ambayo watu wake wengi walikuwa maskini. Mei 1997 majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yaliingia Kinshasa, Mobutu akakimbia. Alifariki Rabat, Moroko, tarehe 7 Septemba mwaka huo huo, na kaburi lake liko huko.

*Dwight Eisenhower (1890–1969).* Alizaliwa Denison, Texas. Ndiye jenerali aliyeongoza majeshi ya Washirika yaliyotua Normandy tarehe 6 Juni 1944, na baadaye akawa Rais wa Marekani kuanzia 1953 hadi 1961.

3. Je, nyota zao zilikuwa zinafanana?

Mnajimu angewaweka watu hawa watatu katika nyota moja, Mizani. Lakini mmoja alikimbia udikteta na kutumia maisha yake kuuchunguza, mwingine aliongoza vita dhidi ya udikteta, na wa tatu akawa dikteta. Kama nyota ndiyo inayomtengeneza mtu, mizani hii haiko sawa.

Hoja hii si mpya. Mtakatifu Agostino katika ujana wake alikuwa akiwaendea wanajimu. Katika kitabu cha 7 cha *Maungamo* anaeleza kilichomsaidia kuachana nao. Rafiki yake Firmini alimsimulia habari aliyoipata kwa baba yake, mtu aliyependa sana elimu ya nyota. Saa ile ile mama yake alipomzaa Firmini, kijakazi wa rafiki wa baba yake naye alijifungua. Wanaume wale wawili walikuwa wamefuatilia muda kwa makini, na nyota zilikuwa zile zile bila tofauti. Firmini akakua katika mali na heshima. Mtoto wa kijakazi akabaki mtumwa. Agostino anaongeza mfano wa Esau na Yakobo, mapacha waliotoka tumboni wakifuatana, mmoja akimshika mwenzake kisigino, lakini maisha yao hayakufanana. Sisi hatuhitaji kwenda hadi Afrika ya Kaskazini ya karne ya 4 kutafuta ushahidi. Nani hapa Maswa asiyemjua Kulwa mmoja na Doto wake ambao tabia zao ni mashariki na magharibi?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, inakataza namna zote za uaguzi, na inataja waziwazi unajimu na kusoma viganja. Wengine huona kwamba Kanisa linakuwa kali kwa mchezo usio na madhara. Kwetu Kanda ya Ziwa tunajua kwamba si mchezo. Anayeamini kwamba maisha yake yameandikwa mahali pa siri atamtafuta mtu wa kumsomea siri hiyo. Na msomaji akiulizwa kwa nini ng'ombe wamekufa, kwa nini mtoto anaugua, kwa nini nyota imefifia, atatakiwa kutaja mtu. Ramli chonganishi imewagharimu maisha wazee wetu, hasa akina mama ambao macho yao yamekuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa miaka mingi jikoni. Imani ya kutafuta bahati kwa njia za giza imewaua ndugu zetu wenye ualbino. Swali la nyota na swali la damu ya mtu asiye na hatia viko karibu kuliko tunavyopenda kukiri.

Hapa Arendt anatufaa tena. Anayeshika panga kwa sababu mganga amesema hajioni kuwa muuaji. Anajiona anatii. Amemwachia mtu mwingine kazi ya kufikiri. Ndiyo sababu mafundisho ya dini yanahitaji kwenda pamoja na kufundisha watu kuhoji: umejuaje? Nani ameona? Daktari amesema nini? Kufikiri nako ni namna ya kumpenda jirani.

4. Aliyefariki tarehe 14 Oktoba: Mwalimu Nyerere

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito. Hakubatizwa akiwa mchanga. Alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943, akiwa na miaka 21, kwa uamuzi wake mwenyewe. Alifundisha St. Mary's Tabora na baadaye Pugu, kazi aliyoiacha mwaka 1955 ili kuitumikia TANU. Aliiongoza nchi tangu Uhuru, akang'atuka mwaka 1985 bila kusukumwa na mtutu wa bunduki, akarudi Butiama kulima. Alijulikana kwa kuhudhuria Misa kila siku. Katika miaka yake ya mwisho aliziweka Injili katika utenzi wa Kiswahili, na tangu mwaka 1996 alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, kazi iliyokatizwa na kifo chake.

Alifariki kwa saratani ya damu katika Hospitali ya St. Thomas, London, siku ya Alhamisi tarehe 14 Oktoba 1999, na kuzikwa Butiama tarehe 23 Oktoba.

Tumweke sasa karibu na Mobutu, kwa kuwa kalenda yenyewe imewaweka pamoja. Wote wawili walibatizwa Wakatoliki. Wote walizirithi nchi kubwa na changa, zilizopakana kwenye Ziwa Tanganyika. Wote walitaka Mwafrika ajivunie utu na utamaduni wake. Wote walifia ugenini, miaka miwili tu ikiwatenganisha. Lakini mmoja hakuweza kurudishwa nyumbani hata kuzikwa, na mwingine alipokelewa na umati uliojipanga barabarani. Zaire ilipumzika tarehe 14 Oktoba kwa sababu mtu alizaliwa na akaagiza iwe hivyo. Tanzania inapumzika tarehe 14 Oktoba kwa sababu mtu alimaliza, na watu wakapenda wamkumbuke. Sikukuu ya kwanza imekufa pamoja na utawala wake.

Hata hivyo, tusimgeuze Mwalimu kuwa sanamu. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianza mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, na tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kanisa halijamtangaza mwenyeheri wala mtakatifu. Linachunguza, na katika kuchunguza linasikiliza pia yanayouliza maswali. Sheria ya mwaka 1962 iliruhusu kumweka mtu kizuizini bila kesi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha watu wengi, baadhi yao kwa nguvu. Wapo wazee wa Usukuma waliohamishwa, na kumbukumbu zao si zote za furaha. Anayempenda Mwalimu hana haja ya kuyaficha hayo. Utakatifu, kama Kanisa litauona ndani yake, haumaanishi kwamba mtu hakukosea kamwe katika siasa. Maana yake ni kwamba alimfuata Kristo hadi mwisho kwa fadhila za kishujaa. Ndiyo maana mtu hupimwa maisha yote yakishakamilika.

5. Kanisa na siku ya kuzaliwa

Hapa tunafikia jambo ambalo Wakristo wengi hawajalitafakari. Ukifungua kalenda ya liturujia, utakuta kuzaliwa kwa watu watatu tu: Bwana wetu Yesu Kristo tarehe 25 Desemba, Bikira Maria tarehe 8 Septemba, na Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni. Watakatifu wengine karibu wote hukumbukwa siku ya kufa kwao au siku nyingine iliyo karibu nayo. Na Kanisa huiita siku hiyo ya kufa *dies natalis*, yaani siku ya kuzaliwa: kuzaliwa kwa ajili ya mbingu. Desturi hii ni ya kale. Wakristo wa Smirna katika karne ya 2, walipoandika habari za kifo cha Askofu wao Polikarpo, walieleza nia yao ya kukusanyika kila mwaka kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya kifodini chake.

Maandiko nayo yanatufikirisha. Farao alipofanya karamu ya siku yake ya kuzaliwa, mwokaji wake alitundikwa (Mwa 40). Herode alipofanya yake, kichwa cha Yohane Mbatizaji kililetwa katika sinia (Mk 6). Origene alikwisha kuliona jambo hilo katika karne ya 3. Haina maana kwamba keki ya mtoto ni dhambi. Kumshukuru Mungu kwa zawadi ya uhai ni jambo jema. Maana yake ni kwamba karamu ya mtu anayejiadhimisha mwenyewe, asiye na wa kumwambia hapana, ni hatari kwa walio chini yake.

Sasa tuone ambao Kanisa linawakumbuka tarehe 14 Oktoba.

*Mtakatifu Kalisti I, Papa na Shahidi.* Alikuwa mtumwa. Bwana wake alimkabidhi fedha, fedha zikapotea, naye akakimbia, akakamatwa. Baadaye alipelekwa kufanya kazi ngumu katika machimbo ya Sardinia, akaachiwa huru pamoja na Wakristo wengine. Papa Zefirini akampa usimamizi wa makaburi ya Wakristo kwenye Njia ya Appia, ambayo hadi leo yanaitwa Katakombe za Mtakatifu Kalisti. Karibu na mwaka 217 alichaguliwa kuwa Papa, akaongoza hadi kama mwaka 222. Mtumwa, mfungwa, mchunga makaburi, kisha Askofu wa Roma.

Mengi tunayoyajua juu yake yameandikwa na mpinzani wake, Hipoliti, aliyemwona kuwa mlegevu kwa sababu aliwapokea tena katika ushirika wakosefu wakubwa waliotubu. Wanafunzi wa historia walishike hili: tunamsoma Kalisti kwa kalamu ya mtu aliyemchukia, na hata hivyo huruma yake inaonekana. Hipoliti naye alikufa shahidi akiwa amepatana na Kanisa, na leo wote wawili ni watakatifu.

*Tarehe 14 Oktoba 2018*, Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu saba. Wa kwanza ni Paulo VI, aliyewatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu mwaka 1964 na, mwaka 1969, akawa Papa wa kwanza wa nyakati zetu kukanyaga ardhi ya Afrika, alipokuja Kampala. Waraka wake *Populorum Progressio*, kuhusu maendeleo ya watu, ulitoka tarehe 26 Machi 1967, wiki saba hivi baada ya Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari. Viongozi wawili Wakatoliki, mmoja Roma na mwingine Tanzania, walikuwa wakihangaikia swali moja: maendeleo ni vitu, au ni watu?

Wa pili ni Oscar Romero, Askofu Mkuu wa San Salvador, aliyewatetea maskini na kupigwa risasi akiadhimisha Misa tarehe 24 Machi 1980. Siku ya kumtangaza mtakatifu, Papa Fransisko alijifunga mshipi wa Romero uliokuwa bado na alama za damu. Na vijana wamkumbuke Nunzio Sulprizio, yatima aliyefanyishwa kazi ngumu ya uhunzi na mjomba wake, akaugua mguu, akafa Napoli mwaka 1836 akiwa na miaka 19 tu. Naye, kama Mwalimu, alizaliwa tarehe 13 Aprili.

6. Mengine kwa kifupi

- *1066:* Wanormani wa Ufaransa waliwashinda Waingereza huko Hastings. Tarehe hii ni ya kalenda ya zamani.
- *1944:* Jenerali Erwin Rommel wa Ujerumani alilazimishwa na Hitler kunywa sumu. Siku hiyo mpinzani wake Eisenhower alikuwa akitimiza miaka 54.
- *1947:* Rubani Mmarekani Chuck Yeager aliruka kwa mwendo uliozidi kasi ya sauti, wa kwanza kuthibitishwa kufanya hivyo.
- *1962:* Ndege ya upelelezi ya Marekani ilipiga picha za makombora ya Kisovyeti nchini Kuba. Dunia ilikaa siku 13 za hofu ya vita vya nyuklia, na Papa Yohane XXIII akatoa mwito wa amani kwa redio, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiwa ndiyo kwanza umeanza.
- *1964:* Ilitangazwa kwamba Martin Luther King amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani, akiwa na miaka 35.
- *Siku ya Viwango Duniani* huadhimishwa tarehe hii, kwa kukumbuka wajumbe wa nchi 25 waliokutana London mwaka 1946. Mkulima wa pamba wa Maswa anaijua thamani yake kila msimu anaposimama mbele ya mizani. Na Mithali 11:1 inasema wazi Mungu anavyoichukia mizani ya udanganyifu.

7. Tunajifunza nini?

Tulijiuliza tarehe ina uwezo gani juu ya mtu. Tumeona kwamba inaweza hata kufutwa kwa hati. Tumeona kwamba waliozaliwa siku moja walikwenda njia zilizopingana. Tumeona mtumwa akifa Papa, na Rais aliyeabudiwa akifa mkimbizi. Tarehe haimfanyi mtu chochote. Mtu, akishirikiana na neema ya Mungu au akiikataa, ndiye anayeipa tarehe jambo la kukumbukwa.

Tunapendekeza mambo matatu ya kufanya nyumbani na katika jumuiya ndogo ndogo. Kwanza, kila mmoja aijue tarehe ya ubatizo wake; iko kwenye cheti, na kama cheti kimepotea, iko katika kitabu cha parokia alikobatizwa. Ile ndiyo siku uliyozaliwa kama mtoto wa Mungu. Pili, familia ziandike tarehe walizofariki babu na bibi, ziwaombee siku hizo na kuwasimulia watoto mema waliyoyafanya. Tatu, tukisikia mtu anasema amezaliwa na nyota mbaya, tusicheke wala tusinyamaze. Tukae naye, tumuulize kinachomsumbua, kwa maana nyuma ya neno hilo mara nyingi kuna ugonjwa, deni au msiba, na mganga anamsubiri.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, katika jumuiya yetu yupo mzee au mtu mwenye ualbino anayeishi kwa hofu? Tunafanya nini ili awe salama?
2. Arendt anasema uovu huingia pale watu wanapoacha kufikiri. Ni mambo gani tunayoyafanya kwa sababu tu "imesemwa"?
3. Kalisti aliwapokea waliotubu, akalaumiwa. Sisi tunawapokeaje wanaorudi kanisani baada ya miaka mingi?
4. Tukiulizwa leo sababu moja ya watu kuikumbuka siku ya kufa kwetu, tungependa iwe ipi, na tumeianza?